Dawa Yangu ya Kifua cha Mwende

Jumatatu, 3 Februari
Tumepiga ndengu tena tangu asubuhi, zitoke maganda. Mgongo umekufa. Mwende, binti ya marehemu dada yangu, bado yuko hapa kwangu kijijini Tulia. Bwana yake alimleta kutoka Sultan Hamud apumzike. Mimba ya pili hii. Ya kwanza ilitoka mwaka jana. Hiyo hatuizungumzi.
Matiti yanamuuma. Leso ikigusa tu, anaruka. Mjomba hawezi kumuuliza mpwa wake mambo ya kifua, ni aibu. Naulizia kwa Kalondu, mke wangu.

Jumatano, 5 Februari
Hapa Tulia nani hajui mimi na ng'ombe? Daktari wa mifugo mwenyewe alikuwa akikwama anakuja kuniuliza. Basi nimenunua mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe. Nikampa Kalondu ampelekee. Mwende alinusa tu, akatapika mpaka akalia.
Kalondu: "Baba Mutua, huyu mtoto umemwona na pembe?"
Nikarudi kwa ndengu. Nimechoka.

Jumamosi, 8 Februari
Mwende na Kalondu wamerudi kutoka kliniki. Sista amesema sidiria kubwa, ya pamba, isiyo na waya, alale nayo pia. Na kitambaa cha maji baridi. Kalondu ako na ndengu, kwa hivyo nikatumwa sokoni mimi.
Mama wa mitumba: "Mzee, ni ya mama ama umepata mwingine?"
Nikamwambia ni za kwaya. Kwaya nzima. Wakacheka mpaka mama wa nyanya. Mimi niliyenyonga chui kwa mshipi kule Kyuso, nimetembea na sidiria ndani ya gunia.

Jumapili, 16 Februari
Mwende analala vizuri sasa. Kanisani nimewaambia wazee ni mimi nimemtibu. Nikaongeza kidogo, ati madaktari wa Kitui wanataka kunijua.

Jumatano, 19 Februari
Maumivu yameisha kabisa. Nikasahau aibu, nikamwambia mwenyewe, "Si unaona dawa ya anko?"
Akaketi chini juu ya maganda ya ndengu. "Anko, hata ile ingine iliacha kuuma kwanza. Halafu ikatoka."
Nikaketi kando yake kwa maganda. Mimi!
Kliniki imeshafungwa. Ni kesho. Damu hakuna, amesema Kalondu. Chakula kimenishinda. Naogopa.

Alhamisi, 20 Februari
Wao ndani, mimi kwa benchi nje. Sista alikuwa anatafuta moyo wa mtoto na kale kamashine. Kimya. Kimya tena. Nikaomba vibaya, maneno hayakupangika.
Halafu mlio, haraka haraka, kama punda anakimbia. Mwende akacheka na kulia pamoja.
Sista akasema kwa wengi miezi mitatu ikipita maumivu ya matiti hupungua yenyewe, si ishara mbaya. Kalondu akauliza kwa sauti, nisikie, "Kwa hivyo si dawa ya mtu?"
Si dawa ya mtu.
Nilifurahi kushindwa.

Ijumaa, 21 Februari
Ndengu bado. Yale mafuta nimepaka visigino. Visigino vimekubali.
Jioni Mwende amejilaza kwa mkeka mlangoni. "Anko, nipe ile hadithi ya chui."
Nikaanza. Kabla sijafika pale pa mshipi alikuwa amelala, mkono juu ya tumbo.
Nikamwacha chui aende zake.