Daraja la Ng'ambo na Jiko la Mama

Mtaa wa Ng'ambo,
S.L.P. 214,
Shinyanga.
16 Agosti, 1998

Mpendwa kaka Mayala,

Shikamoo. Habari za Tanga na kazi za bandarini? Wifi Paskalina na watoto hawajambo? Na ule mguu ulioumia umepona, au bado unachechemea? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo ujue afya anayo.

Kaka, mtaa wetu ungeuona usingeutambua. Vijana waliopata dhahabu kule Geita wanakuja kujenga huku, maana viwanja vya mjini vimekwisha. Pale tulipochungia ndama sasa ni mabati matupu, na malori yatokayo Katoro yanalala hadi milangoni kwa watu. Lakini njia ilibaki ile ile ya ng'ombe, na mtoni tulivukia magogo yale yale aliyoyalaza marehemu baba.

Magogo hayo yalisombwa na mvua za Machi, siku ile ile ambayo shemeji yako Zipora alishikwa na uchungu. Hospitali iko upande wa pili, na mto umefurika. Ndugu yetu Jilala alisimama ukingoni akimwita mkewe jina tu, hajui afanye nini. Niliogopa sana. Tulimbeba Zipora hadi duka la Mzee Taherali, lile lililo karibu kabisa na mto, na mkewe, Mama Riyaz, akatufungulia ghala. Mtoto akazaliwa katikati ya magunia ya sukari. Ni wa kike, tumemwita Kabula kwa ajili ya mvua. Zipora alipoteza damu nyingi, tukakaa tunamwangalia hadi maji yalipopungua. Leo ni mzima, tena amenenepa.

Unakumbuka Mama na Mzee Taherali walikuwa hawasalimiani, tangu maji ya bati lake yalipoharibu bustani ya mchicha. Sasa wanasalimiana, ingawa mchicha bado anautaja.

Basi mwezi uliopita tukaitwa mkutanoni, uwanja wa shule. Halmashauri inataka kujenga daraja na kupanua barabara. Injinia mmoja, Bwana Marselino, alitandaza ramani mezani akatueleza bila kuficha. Mwamba wa kushikilia daraja uko pale karibu na duka, na barabara pana haiwezi kupita hapo bila kukata mahali: ama ghala la Taherali, ama mbele ya kwetu, yaani jiko la Mama na ile sehemu uliyoiacha ujenge. La sivyo daraja lipelekwe juu kabisa, kusiko na nyumba, na mgonjwa wa Ng'ambo azunguke.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba bora huko juu, asiumizwe mtu. Mara Mzee Taherali akasimama.

"Kateni ghala langu," alisema. "Mtoto wa jirani amezaliwa humo. Sitaki azaliwe wa pili."

Makofi hayajaisha, Mama naye yuko wima. "Ghala la nini? Sukari ya mtaa mzima imo humo. Kateni jiko langu."

"Mama Mayala, utapikia wapi?" Mzee Taherali akamuuliza.

"Nitapikia uani kwako!"

Uwanja mzima ulicheka. Injinia aliweka kalamu chini, akasema kila anakokwenda watu humbembeleza asogeze vigingi mbali na nyumba zao, na hajawahi kuona wanaogombania kukatwa. Mwishowe akachagua upande wetu, kwa sababu hapo barabara inaingia darajani bila kona.

Ndipo ninapokuja kwako, kaka. Kiwanja kina jina lako tangu baba afariki, na najua ulivyopangia pale mbele nyumba ya uzeeni. Hata mimi roho iliniuma nilipoona vigingi vyekundu. Bwana ardhi anasema tutafidiwa kiwanja kingine nyuma ya hapo hapo, ukubwa ule ule, ila anataka sahihi yako. Nakuomba ukubali. Sikuambii hivi kwa kuwa Mama amesema. Nakuambia kwa kuwa nilimshika mkono Zipora siku ile, na ulikuwa wa baridi.

Nilimsihi Mama tusiguse kitu hadi utakapojibu, akaitikia vizuri kabisa. Jana nikirudi sokoni nikasikia vishindo. Nikamkuta na jembe, ukuta mmoja wa jiko uko chini, na Mama Riyaz anahamisha masufuria.

"Mama! Kaka hajajibu!"

Hakunigeukia hata kidogo. "Atakubali. Nimemzaa mwenyewe, namjua."

Kwa hiyo ugali wa jana tumeupika uani kwa Taherali, na Mama akalalamika kwamba moto wa huko haukolei.

Jilala, Zipora na mtoto wanakusalimu. Mzee Taherali na Mama Riyaz pia. Mama amekufungia michembe ya viazi vitamu, ataileta dereva atakayekuja huko Tanga. Wabusu watoto, na wifi mwambie kitenge alichonipa nilikivaa mkutanoni.

Mungu akulinde kazini na kila uendako, akurudishe kwetu salama. Na ukirudi, gari likuvushe darajani, ushukie mlangoni.

Mdogo wako akupendaye sana,
Noela