Ndala Zangu Ziko Mlangoni pa Stoo

Scola, uko hewani? Sikia ya hapa Gungu.

Happiness, huyu mwanangu, amegeuza stoo yangu ya mahindi kuwa sijui niite nini. Amepanga mawe ya ziwani duara, amewasha mshumaa, amekaa katikati anapiga inanga, kile kinanda cha nyuzi cha marehemu baba yangu. Tena anaimba Kiha! Mtoto ambaye hata kusalimia kwa Kiha hajui!

Nikajua tu ni uganga. Nikachukua ufagio nikayafagilie mbali yale mawe, na inanga iende jikoni ikawe kuni.

Nafika mlangoni, hata hanitazami. "Mama, vua ndala."

Mimi! Kwenye stoo yangu!

Scola, nikavua.

Nikamuuliza, "Unamwita nani humu?"

"Simwiti mtu. Nasali. Humu nasali bila kuogopa."

"Unamwogopa nani?"

"Wewe, mama. Kila nikisali unanisahihisha."

Kila nikisali unanisahihisha! Nikageuka nikatoka, mimi!

Bado anapiga. Niko uani pekupeku na ufagio mkononi, na kuzifuata ndala zangu pale mlangoni siwezi.