Bakuli Halirudi Tupu

Makorora, Tanga.
Jumatatu, 18 Novemba 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Nasma,

Assalaam alaykum. Marahaba, maana najua hapo ulipo umeshasema shikamoo. Kama hujasema, sema sasa, kisha uendelee kusoma.

U hali gani na baridi hiyo ya Kanada? Unakula? Kwenye picha uliyoleta juzi mashavu yamebonyea kama mtu anayelipa saumu za miaka mitatu. Kazi ya kuuguza wagonjwa inataka mtu mwenye damu mwilini. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Goti langu la kushoto ni lile lile, halisikii dawa wala dua, nami nimeacha kulibembeleza.

Nakuandikia kwa mkono wangu, sikumwita mtu. Niliishia darasa la tatu, lakini herufi zangu zinasomeka kuliko za daktari. Simu siitaki kwa jambo hili. Kwenye simu nikianza kukugombeza unacheka, halafu ati mtandao umekatika. Barua haikatiki. Utaisoma mpaka chini.

Nianze na hizo sikukuu zako. Mungu katupa Idi mbili, sisi wa pwani tukajiongezea Maulidi na siku ya mwaka, zikatutosha. Wewe umefika huko ukakuta watu wana siku ya paka, siku ya soksi, siku ya kuvaa nguo kinyume, ukazimwaga zote kwenye kundi la familia, na watu wazima na ndevu zao wakakufuata. Siku ya paka mama yako Saleha alimpa paka samaki mzima, changu, sisi tukala mchicha. Siku ya nguo kinyume baba yako Tahiri aligeuza kanzu ndani nje, akasahau, akaenda nayo msikitini. Imamu hakusema kitu. Waliosema ni safu ya nyuma.

Mwezi uliopita ukaleta hiyo uliyoiita Siku ya Vyombo vya Watu. Kila nyumba ikusanye vyombo visivyo vyake, ivirudishe vyote siku moja, yaishe. Niliposomewa nikasema hii angalau ina akili. Humu ndani vyombo vya watu vilikuwa vingi kuliko vyetu. Tukavitandaza ukumbini, tukavipindua kutazama alama. Vya Gulshan wa dukani vina tone jekundu la rangi ya kucha. Vya Beatrisi, jirani yetu Mbondei, vimekwaruzwa kwa msumari.

Sasa wewe ni mtoto wa Tanga, ulisahau nini? Bakuli la mtu halirudi tupu. Nikakaanga vitumbua, nikajaza la Gulshan, nikampelekea mwenyewe. Gulshan akapiga kelele, "Ai, mama Tahiri, utatoka kwangu mikono mitupu? Majirani watanionaje?" Akanipa bajia kwenye sahani yake. Beatrisi nimempelekea mbaazi za nazi, akanirudisha na beseni la machungwa ya Muheza. Ilipoadhiniwa magharibi nyumba ilikuwa na vyombo vya watu kushinda asubuhi.

Kesho yake ikabidi tuvirudishe hivyo vipya, navyo si vitupu. Sikukuu yako ya siku moja ilikula wiki nzima na gunia la unga. Godlisten, mumewe Beatrisi, akaniuliza juu ya ua, "Bibi, hii sikukuu inaisha lini?" Nikamwambia, "Itaisha siku mkeo atakapoota roho mbaya." Akaondoka anacheka, na kitumbua mdomoni.

Hayo ni mchezo. Lililonishikisha kalamu ni jingine.

Unalijua lile bakuli la udongo wa kichina lenye alama ya kijani, lililokaa chini ya kitanda changu. Ni la wifi yangu Mwatumu wa Ushongo, dada wa marehemu babu yako. Lilikuja kwangu na wali kabla babu yako hajafa. Nawe unajua kwa nini sikulirudisha. Baada ya arobaini, Mwatumu aliondoka na biriani kwenye bakuli langu. Bakuli langu likarudi tupu, limefutwa kavu. Nikaelewa anachosema: kaka yangu kafa, wewe kwangu ni nani tena? Basi lake nikaliweka. Kulijaza ningekuwa najipendekeza. Kulirudisha tupu ningekuwa nakata undugu kwa mkono wangu. Likakaa hapo miaka tisa. Ramadhani tisa hatukufuturu pamoja, na harusi ya kaka yako hakuja.

Katika hiyo siku yako, mama yako alifagia chini ya kitanda akalitoa, akaliweka na wenzake. Mimi niko kwa Gulshan. Baba yako, kama ujuavyo hufuata nazi ng'ambo ya Pangani, akaona ile alama ya kijani, akalitia kwenye mfuko. Jioni nauliza bakuli liko wapi, ananijibu na meno nje, "Mama, nimelifikisha. Nimempa shangazi mkononi."

"Na nini ndani yake?"

"Ndani yake? Hamna kitu. Si bakuli lake?"

Nilimwita jina ambalo siliandiki. Mwanamume wa miaka hamsini, na ndevu, hajui chombo kinavyorudi. Tangu nizaliwe hakuna aliyepokea chombo kitupu kutoka kwangu, nami sikutaka kufa nalo hilo. Alfajiri nikapika samaki wa kupaka na wali wa nazi, nikafunga sufuria kwa kanga, nikapanda basi la Pangani, nikavuka kwa pantoni, kisha bodaboda mpaka Ushongo, sufuria mapajani na goti likilia. Sikwenda kuomba suluhu. Nilifuata heshima yangu.

Nikamkuta Mwatumu barazani anachambua mchele. Amekonda. Mkono wa kulia unamtetemeka, nusu ya mchele uko chini na kuku wanamshukuru. Hakuinuka.

"Wifi, umefuata bakuli?"

"Bakuli kaa nalo. Limekuja tupu mimi sina habari. Chakula chake hiki hapa."

Akaitazama sufuria. "Mimi nilidhani umelipiza. Nikasema haya, sasa tumelingana."

"Hatulingani. Lako limekuja tupu kwa ujinga wa Tahiri. Langu ulilirudisha tupu kwa makusudi, tena umelifuta."

"Hasina! Nilijaza visheti mpaka kifuniko kikagoma. Nikampa yule mtoto aliyekuja likizo, nikamwambia mpe bibi yako, mwambie tumebaki mimi na yeye."

Yule mtoto ni wewe, Nasma.

Mwatumu alicheka mpaka ungo ukamwangukia. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye kwenye pantoni, pasipo mtu anijuaye. Kabla ya hapo tulikula sahani moja, na kwa vile mkono wake hautulii, miiba ya samaki nilimtolea mimi. Hakushukuru. Ana kiburi kama kaka yake.

Nikarudi nikamwuliza Asif, kijana wa Gulshan, ambaye mnaishi naye mji mmoja na sasa yuko hapa likizo, kama huko kwenu wanayo hiyo Siku ya Vyombo vya Watu. Akasema hajapata kuisikia. Basi, mke mwenzangu, uliitunga.

Visheti si dhambi. Ulikuwa mtoto, njia ndefu, na visheti vya Mwatumu hata mimi nisingevifikisha. Lakini ulikula na salamu zangu pamoja navyo. Ukalifuta bakuli, ukanyamaza miaka tisa ukitutazama vibibi wawili tumenuniana, kisha ukavuka bahari ndipo ututungie sikukuu. Mdomo ulikuwa nao. Usinitumie maneno ya msamaha kwenye simu, wala vile vikatuni vinavyolia. Siyapokei.

Barua hii anakuletea Asif, pamoja na bakuli. Ndilo lile la alama ya kijani. Mwatumu kalitia visheti kwa mkono wake unaotetemeka, baba yako kalileta kutoka Ushongo, mimi nimefunga kitambaa. Asif nimemwambia nimevihesabu, akivigusa njiani nitajua.

Ule, ushibe. Kisha ujue una chombo cha mtu, na unajua chombo cha mtu kinavyorudi. Usimpe Asif, usimpe mtu yeyote. Ulilete mwenyewe, Mwatumu akiwa bado anaona njia ya kukupokea.

Baba yako na mama yako wanakusalimu. Gulshan na Beatrisi pia, na Godlisten anauliza sikukuu ijayo ni ya nini ili anunue unga mapema. Mungu akulinde na baridi na watu wabaya, akupe riziki ya halali na adabu kidogo.

Ni mimi nikupendaye hata nikikugombeza,

Bibi yako,
Hasina binti Jumbe.