Sori Zote za Mume Wangu Anapewa Dada wa Duka la Dawa

Mpendwa Shangazi, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijafanya kituko kingine, maana kimoja nimeshakifanya. Mume wangu ni fundi cherehani na mimi nashinda naye palepale kazini, napiga pasi na kushona vifungo, kwa hiyo yote nayaona kwa macho yangu, na ninachokiona ni dada mmoja wa duka la dawa, akichomwa na pini kidogo tu wakati wa kujaribu gauni, utamsikia mume wangu, "Sori dia, sori sana, imekuumiza?", lakini mimi juzi alipopita na pasi ya moto akaniunguza mkono, unajua aliniambia nini? "Si nilikwambia usogee!" Shangazi, wivu ulinipanda hadi kichwani, nikasema haya, ngoja, na alipotoka kwenda kununua zipu nikachukua gauni la yule dada nikalibana kiuno, ili likimkataa akasirike asirudi tena. Akaja, akalivaa, likagoma. Nilidhani atafoka, kumbe anacheka, na mume wangu ndiyo kwanza anamwaga sori mpaka nikatamani kuziba masikio. Kibaya zaidi, tangu siku hiyo fundi hajiamini, anapima kitambaa, anapima tena, anakiacha, na jana kaniambia macho yake yamekwisha, bora auze cherehani. Nikisema ukweli ataniacha, nikinyamaza kazi inakufa. Nifanyeje? Na mbona mimi sipewi hata sori moja?

Mke wa Fundi

Marahaba mwanangu, na pole kwa mkono.

Hiyo sori unayoililia ni ya Kiingereza, na wanaojua asili ya maneno wanasema ilitoka kwenye neno la maumivu, la kidonda. Aliyeisema zamani alikuwa anaumia kwelikweli. Leo imechakaa: ukimkanyaga mtu sori, ukimpita mbele sori, simu ikikatika sori. Mumeo anampa mteja sori kama anavyompa kiti. Wewe unakionea wivu kiti!

Simtetei. Kumuunguza mkeo halafu ukamgombeza ni ukorofi, na atalisikia hilo. Ila zamu ya kwanza ni yako. Mwenzako anadhani anapofuka, nawe umekaa pembeni unashona vifungo? Huna hata aibu!

Leo hii, kabla hajapata mnunuzi, funga mlango umwambie: "Gauni nililibana mimi. Macho yako ni mazima." Kisha umwombe msamaha, kwa neno zima la "nisamehe", na usimtaje dada wa watu. Atafoka. Mwache afoke, usijibu. Gauni ulifumue wewe, na umpelekee mwenyewe yule dada.

Fundi akishatulia, mwonyeshe mkono wako, unyamaze. Akikuuliza kama bado unauma, mjibu ukweli. Ndilo swali ulilomwonea wivu yule dada, si sori.