Baiskeli ya Baba Yako

Désiré mwana wangu, weye iko na akili gani? Nani alikuambia baiskeli ya marehemu baba yako ni chuma ya kutupa?

Huku Ulaya wametengeneza barabara ya baiskeli tu, laini kama sahani, kandokando ya mto. Jana dada yako alinipakia nyuma. Nilisalimia kila mutu tuliyepishana naye. Ni bata moja tu ndiye aligeuza kichwa.

Huko kwetu, baba yako akinipakia, kutoka mutaa wa Nyakasanza mupaka Bigo tulimaliza asubuhi yote, sababu ya kusimama na kusalimia watu. Nami nilikuwa namugombeza.

Mungu akuchunge na ubishi wako. Tia upepo mu mapine, uje unipokee nayo ku kiwanja ya ndege. Tukirudi, usimame kwa kila mutu atakayetusalimia.

Mama yako