Mashine Inayosikiliza Moyo

Bukoba, 9 Agosti 1993

Shemeji Anatolia,

Natumaini hapo Muleba mko wazima na migomba imebeba. Mimi presha imepanda. Tajiri wangu Vasant ananipandisha kila asubuhi, umeme ukiwepo, kwenye mashine yake ya kukimbilia. Unafunga mkanda kifuani. Moyo ukienda mbio sana, mashine yenyewe inapunguza mwendo.

Jumatatu natembea tu, nikasikia hatua za mdogo wangu Rugambwa nyuma yangu. Mashine ikapunguza, ikabaki inatambaa. Vasant akacheka: "Elieza, umemwona mwanamke gani?"

Shemeji, miaka kumi na tano unamngoja mumeo kwa sababu nilikuambia alitekwa vitani. Niliongopa. Siku tunakimbia mabomu ya Kyaka alikuwa nyuma yangu, anaita, "Kaka, pole pole, moyo unapasuka!" Nikazidi kukimbia. Nilipogeuka alikuwa ameanguka. Nilimgusa kifuani, kimya. Nikamwacha pale njiani, hata jani sikumfunika.

Usimngoje tena. Mwekee matanga. Ukisema nisikanyage hapo siku hiyo, sitakuja.

Ni mimi shemeji yako,
Elieza