Skrubu za Mbao kwenye Kayaki ya Plastiki

Alhamisi jioni, Buhongwa. Mvua imenyesha ikakatika.

Leo ziwa lilitaka kunichukua.

Ile kayaki ya plastiki ninayovulia, iliyo tupu ndani, juzi niliifungia kishikio cha fimbo ya kuvulia kwa skrubu za mbao, zile fupi. Nimekulia kwenye mitumbwi ya mbao. Mbao ikinywa maji inavimba, inakibana chuma yenyewe. Nikadhani na plastiki itabana.

Plastiki hainywi maji, ndugu zangu.

Asubuhi sangara akavuta mara moja tu. Kishikio, fimbo na skrubu, vyote vikaenda naye. Yakabaki matundu manne, na kila wimbi likipita juu, maji yanaingia tumboni mwa kayaki. Nilikuwa nayasikia yakicheza chini yangu. Nikachana shati, nikaziba, nikapiga kasia huku nasali Baba Yetu. Nilipofika kwenye "utuokoe" nikakwama, nikawa narudia hilo tu mpaka nchi kavu.

Mchana nikaenda duka la vifaa kule Mirongo na skrubu moja iliyobaki nyumbani. Muuzaji akaigeuzageuza. "Mzee, hii ni ya kabati. Samaki wako wanakaa kabatini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka.

Nikachukua boliti zisizoshika kutu, zinazotokea upande wa pili, na nati na washa pana, zile pete bapa za chuma. Washa za mpira nimekata kwenye tyubu ya baiskeli. Kishikio kingine ninacho.

Lakini nati inakaa ndani, na mkono wangu haupiti kwenye kile kitundu chenye mfuniko, mlango wa kayaki. Wa mke wangu, Mama Tumaini, unapita. Akalala kifudifudi juu ya kayaki, mkono ndani hadi begani, spana kiganjani.

"Nimeishika, Baba Tumaini. Kaza."

Nikakaza ya kwanza. Yaliyonipata asubuhi sikuwa nimemwambia. Kisha akatulia.

"Huku kuna maji. Na kipande cha shati lako."

Nikachukua boliti ya pili. Uso wake ulibaki umelalia plastiki.

"Kaza nyingine," akasema.

Kesho, kabla sijagusa maji, tutafunga kamba kwenye kishikio tuvute wawili. Kikicheza hata kidogo, siendi.

Kisipocheza, ee Mungu wangu, itabidi niende.